Runinga Pana: Ile Nyongeza ya Bei Unailipia Nini Hasa?

Simama mbele ya duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo utaona runinga zimepangwa ukutani toka ndogo hadi kubwa, zote zinaonyesha samaki wa rangi wakiogelea au jiji fulani la mbali usiku. Kila ukisogea hatua moja, bei inapanda. Anachojiuliza mteja ni kilekile: nikiongeza hizi pesa, nitaona kitu gani ambacho kwenye ile ndogo nisingekiona? Muuzaji jibu lake analo tayari, kwamba kubwa ni kubwa tu, bosi. Jibu lenyewe halipo dukani. Lipo nyumbani kwako, kati ya kochi na ukuta, na kwenye waya unaotoka nyuma ya king'amuzi.

Tuanze na inchi, maana zinatajwa na kila mtu na kueleweka na wachache. Inchi za runinga hupimwa mshazari, toka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kwa hiyo runinga ya inchi 32 ina kioo chenye upana wa sentimita 71 na kimo cha 40. Ya 43 ina upana wa 95 na kimo cha 54. Ya 55 inafika 122 kwa 68, na ya 65 ni 144 kwa 81. Ukizitamka, 43 na 55 zinakaribiana, tofauti ni 12 tu. Lakini macho hayatazami mshazari, yanatazama eneo, na eneo la kioo cha 55 linalizidi la 43 kwa asilimia 64. Toka 32 hadi 55 eneo linakaribia kuwa mara tatu.

Hapo ndipo unapopata kipimo cha haraka cha bei. Chukua inchi uzizidishe kwa zenyewe, halafu gawanya bei kwa jibu utakalopata. Tuseme, kwa bei za kubuni kabisa, 43 inauzwa shilingi 700,000 na 55 inauzwa 1,100,000. Arobaini na tatu mara arobaini na tatu ni 1,849. Hamsini na tano mara hamsini na tano ni 3,025. Ukigawanya, ya kwanza inakutoka shilingi 379 kwa kila kipande cha eneo, ya pili 364. Hapo kubwa ni nafuu kuliko ndogo, ingawa imekutoa pesa nyingi zaidi. Sasa muuzaji akikuletea ya 75 kwa 2,800,000, gawanya kwa 5,625: ni karibu 498. Umeanza kulipia ufahari. Kwa kawaida bei huenda sambamba na eneo hadi ukubwa fulani unaotengenezwa kwa wingi, kisha huruka. Kazi yako ni kutafuta panaporukia, na simu yako ina kikokotoo.

Hesabu hii inakubali kwa sababu runinga za leo karibu zote zina umbo moja: vipimo 16 kwa upana, 9 kwa kimo. Haikuwa hivyo enzi za chogo, zile runinga nene zenye mgongo mkubwa nyuma. Runinga ya chogo ilikuwa 4 kwa 3, karibu mraba, umbo lililorithiwa kutoka kwenye mikanda ya filamu iliyobuniwa katika maabara ya Thomas Edison mwanzoni mwa miaka ya 1890. Televisheni ilipozaliwa ikalichukua umbo hilo lilivyo. Miaka ya 1950 Wamarekani wakaanza kubaki nyumbani na runinga zao badala ya kwenda sinema, na wenye sinema wakajibu kwa kutanua: wakaleta vioo vipana kupindukia, Cinerama mwaka 1952 na CinemaScope mwaka 1953, kitu ambacho sebuleni hakikuwezekana. Ikabaki dunia yenye maumbo mengi. Miaka ya 1980 mhandisi wa kampuni ya RCA, Kerns Powers, akayachora maumbo yote yaliyokuwa yakitumika kama mistatili yenye eneo sawa, akaipanga ikiwa imelaliana, akatafuta mstatili mmoja ambao ungeibeba yote bila kupoteza sana. Ukatoka wa 16 kwa 9. Umbo la runinga yako, kwa maneno mengine, ni suluhu ya ugomvi. Halimpi kila mtu anachotaka, na ndiyo maana bado unaona mistari myeusi.

Umbo hilo lilileta mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Chogo la inchi 29, kwa hesabu, lilikuwa na kimo cha sentimita 44. Mwenye nalo akaenda kununua bapa la 32 akiamini amepanda daraja. Bapa lile lina kimo cha 40. Ameongeza upana, amepunguza kimo, na mtangazaji wa habari aliyekuwa anamwona mkubwa sasa amekuwa mdogo. Ili kupata kimo kilekile kwenye umbo pana, zidisha inchi za chogo kwa 1.22: aliyekuwa na 21 atafute 26, aliyekuwa na 29 atafute 36 hivi. Chini ya hapo ananunua wembamba na wepesi, ambavyo ni vitu vizuri, ila asidhani ni ukubwa.

Upana huo unapata kazi zaidi ya yote kwenye mpira. Kimo kikiwa sawa, picha ya 16 kwa 9 inaonyesha theluthi moja ya uwanja zaidi ya ile ya 4 kwa 3. Ni beki wa pembeni anayepanda wakati mpira bado uko katikati, ni mshambuliaji anayenyemelea mgongoni mwa walinzi. Wanaokumbuka miaka ya mpito watakumbuka pia kwamba ubao mdogo wa matokeo ulikuwa umesogezwa ndani, mbali na kona. Haukuwa urembo. Watangazaji walikuwa wanawalinda wenye chogo, ambao pande mbili za picha zilikuwa zinakatwa.

Sasa geuza upande wa pili. Una mkusanyiko wa filamu za Kibongo za miaka ya mwanzo ya 2000 kwenye VCD, au rekodi ya taarabu ya harusi ya shangazi. Zile ni 4 kwa 3. Kwenye kioo kipana zitakaa katikati na kutumia asilimia 75 tu ya upana, kushoto na kulia kukiwa kweusi. Watu wengi hawauvumilii ule weusi. Wanaona wamelipia kioo kizima, basi wakitumie kizima. Wanachukua rimoti, wanaivuta picha ijae, na kuanzia hapo kila bibi harusi amenenepa na kila gurudumu la gari limekuwa yai. Nimekaa kwenye sebule za watu wenye runinga za gharama, zimevutwa hivyo miaka nenda rudi, hakuna anayeona tatizo. Njia rahisi ya kukagua ni duara la saa ya ukutani studioni, au nembo ya kituo kama ni ya mviringo. Kama si duara, ingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha uirudishe. Uache weusi uwepo.

Na filamu za sinema nazo zina weusi wao, juu na chini. Nyingi hupigwa kwa umbo la 2.39 kwa 1, pana kuliko kioo chako, kwa hiyo robo ya kioo inabaki bila kazi. Philips waliwahi kujaribu kuwaridhisha wapenzi wa filamu: mwaka 2009 walitoa runinga ya 21 kwa 9, inchi 56, iliyoshabihiana na umbo la sinema. Filamu ilijaa kioo chote. Lakini habari, mpira na tamthilia vikabaki na mistari minene kushoto na kulia, na hivyo ndivyo watu wanavyovitazama kutwa. Kufikia 2012 kampuni ilikuwa imeachana nayo. Atakayekuuzia leo upana uliozidi 16 kwa 9 kwa ajili ya sebule, muulize utatazama nini siku za Jumatatu hadi Alhamisi.

Umbo basi tumelimaliza: kwa runinga mpya huna la kuchagua. Kinachobaki ni ukubwa na uwingi wa nukta zinazounda picha, na vyote viwili vinatawaliwa na umbali.

Jicho lenye afya linatenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa kiasi cha dakika moja ya digrii, yaani sehemu ya sitini ya digrii moja. Zikisongana zaidi ya hapo, jicho linaziona kitu kimoja. Kutokana na hilo unaweza kukokotoa umbali ambao ukiuvuka, uwingi wa nukta haukusaidii tena. Kioo cha inchi 55 chenye picha ya HD kamili, mistari 1,080, kinafikia hapo ukikaa mita 2.2. Cha 4K, chenye mistari 2,160, kinafikia hapo ukiwa mita 1.1 tu. Sebule nyingi zetu kochi liko mita mbili na nusu hadi tatu na nusu toka ukutani, na huwezi kumwambia mgeni asogeze stuli. Kwa mtu wa mita 3, tofauti ya HD kamili na 4K kwenye inchi 55 ni ya kusoma kwenye boksi kuliko ya kuona kwa macho. Kwenye 43 ndiyo haipo kabisa. Nikikuta runinga mbili za 43 za kampuni moja, moja HD kamili na nyingine 4K kwa bei ya juu, na sitaitumia kama kioo cha kompyuta, ningeichukua ya bei ndogo bila kufikiri mara mbili. Kuanzia 50 kwenda juu mjadala huo unakufa wenyewe, maana karibu zote sokoni ni 4K, utake usitake.

Ukubwa ni jambo jingine. Ukiwa mita 3, kioo cha 43 kinajaza digrii 18 za uoni wako, cha 55 digrii 23, cha 65 digrii 27. Wahandisi wa sinema na televisheni wamezoea kupendekeza angalau digrii 30 ili picha ikuzingire. Kwa maana hiyo hata 65 bado haijazidi kwa sebule ya kawaida, na mtu anayekwambia runinga kubwa inaharibu macho ya watoto anarudia onyo la zamani. Pesa ya kuongeza eneo la kioo utaiona kila usiku, wakati ile ya kuongeza maandishi ubavuni mwa boksi utaiona siku unapolitupa boksi.

Lakini kabla hujakimbilia 65, kuna king'amuzi.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Kenya ikafuata mwaka 2015 baada ya mvutano mrefu. Watu wengi walielewa kwamba dijitali maana yake ni picha kali. Dijitali ilileta picha isiyo na chenga, ukali ni suala la kila chaneli na namna inavyorushwa. Chaneli nyingi bado zinarushwa kwa kiwango cha kawaida: nukta 720 kwa 576. Zidisha, unapata 414,720. Kioo cha 4K kina nukta 8,294,400. Igawanye hiyo kwa ile, ni mara 20 kamili. Yaani ukitazama taarifa ya habari ya kiwango cha kawaida kwenye runinga ya 4K, katika kila nukta 20 za kioo, 19 zimebuniwa na runinga yenyewe kwa kukisia. Zilizo nzuri hukisia vizuri. Za bei nafuu hukisia vibaya, na uso wa mtangazaji unakuwa kama umepakwa nta.

Ukifanya hesabu ileile ya jicho kwa picha ya kiwango cha kawaida, inchi 55 inataka ukae mita 4 na kitu ili kasoro zisionekane. Inchi 40 inataka mita 3. Hii ndiyo sababu ya lalamiko linalosikika sana, kwamba runinga mpya kubwa inaonyesha vibaya kuliko ile ndogo ya zamani. Haina ubovu. Imekuza kasoro ambazo ile ndogo ilikuwa inazificha.

Na usishangae ukikuta runinga ya milioni na zaidi imeunganishwa na king'amuzi kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano hauwezi kupitisha picha ya HD hata kama king'amuzi ni cha HD na chaneli ni ya HD. Fundi aliyekuja kufunga dishi alitumia waya uliokuwemo kwenye boksi, akaondoka. Waya wa HDMI ni wa bei ndogo mno ukilinganisha na runinga, na kwa baadhi ya nyumba kuubadilisha kutaleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha runinga. Jaribu huo kwanza. Kisha uingie kwenye menyu ya king'amuzi uhakikishe kimewekwa 1080 na si 576, maana vingine hutoka vikiwa vimewekwa chini.

Kama unatazama kwa intaneti, hesabu inahamia kwenye vifurushi. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3, na ya 4K hadi gigabaiti 7. Mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo haumizwi na hilo. Anayewasha mtandao wa simu ili runinga ivute atashangaa kifurushi cha wiki kimeisha kabla filamu ya pili haijafika katikati. Huyo 4K ameinunua lakini hataiwasha.

Umeme hausemwi dukani. Runinga ya LED ya inchi 32 hula wati 40 hadi 50, ya 55 mara nyingi inazidi 100. Ikiwaka saa tano kwa siku, ile ndogo inamaliza uniti 7 hivi kwa mwezi, kubwa 16 au 17. Kwa nyumba yenye friji na pasi, uniti kumi za ziada hazisumbui. Lakini kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, ambaye bei nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, kumi hizo zinaweza kumvusha mstari, na baada ya mstari uniti inauzwa kwa bei nyingine kabisa. Aliye karibu na 70 kila mwezi aangalie kibandiko nyuma ya runinga kabla ya kuangalia bei mbele yake.

Mengine niyapitie haraka. Pima kabati: runinga nyingi kubwa zina miguu miwili iliyo karibu na ncha, kwa hiyo meza ya sentimita 90 iliyobeba 43 vizuri huenda isiibebe 55. Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama, asije mtu akakilaza kwenye kiti cha bajaji na kuweka mfuko wa unga juu. Na kumbuka kwamba kioo kikipasuka, kukibadilisha hugharimu karibu sawa na runinga nyingine, kwa hiyo nyumba yenye watoto wanaocheza mpira sebuleni ina sababu nzuri ya kutundika juu au kununua ndogo. Kuhusu maandishi ya HDR, yaani ahadi ya kuonyesha mwanga na giza kwa tofauti kubwa zaidi, kwenye runinga za bei ya chini kioo hupokea ishara hiyo lakini hakina mwanga wa kutosha kuionyesha inavyotakiwa. Usiyaongezee hata shilingi.

Kuna mnunuzi mmoja ambaye kwake hesabu yote inageuka, naye ni mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyesha mpira kwa kiingilio. Yeye hatazami, anauza viti. Benchi la mwisho liko mita 6 toka kwenye kioo, na ili anayekaa pale aone kama anavyoona mtu wa mita 3 mbele ya 43, unahitaji inchi 86. Bei ya kioo hicho iko mbali juu ya pale inaporuka. Projekta ingeweza, ila mechi za saa kumi jioni jua likiwa linapenya kwenye mabati zingekuwa kivuli kitupu. Wengi wenye busara wanaweka runinga mbili za 50, moja mbele na nyingine katikati juu ya nguzo, zikilishwa na king'amuzi kimoja kupitia kigawanyio cha HDMI. Kwa kipimo chetu cha eneo, mbili za 50 zina 5,000, karibu na 75 moja yenye 5,625, na moja ikizima dakika ya 80 watu hawadai hela yao.

Kwa mtu wa nyumbani ningemuuliza kochi liko wapi. Akisema mita 3, king'amuzi chake ni cha HD na anatazama mpira, aongeze pesa toka 43 kwenda 55 na asisite. Akiwa anaishi chumba kimoja, kitanda kiko mita 2 toka ukutani na chaneli zake ni zile za bure za kiwango cha kawaida, basi 32 inamtosha sana, kwa sababu kwa umbali huo kubwa itamwonyesha kasoro ambazo ndogo inazificha. Aliye katikati, mwenye 43 inayofanya kazi na anayewaza 50, eneo litaongezeka kwa asilimia 35. Ni kitu, lakini si kikubwa kama kinavyoonekana dukani. Huyo angoje hadi 55 ishuke bei, ambayo hushuka.

Na siku ya kwenda dukani, mwombe muuzaji achomoe ile flashi yenye samaki. Video zile zimetengenezwa kwa 4K ili kuuza, na runinga imewekwa kwenye mwanga wa juu kabisa ili ishindane na taa za dukani. Aweke chaneli ya habari unayoitazama kila siku, apunguze mwanga, kisha urudi nyuma hatua nne au tano, hata kama itabidi ufike karibu na mlango na wapita njia wakuombe njia.